Wananiambia korona yangu ndiyo iliyomla ini mume wangu

Assalaam alaykum Bi Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nipo Pemba, upande wa Wete. Naomba usilitaje jina langu wala kijiji, maana huku kwetu hata kikohozi cha mtu gizani kinajulikana ni cha nani.

Shida yangu ni mume wangu. Ana miaka 47, ni dereva wa gari ya abiria. Pombe hajaonja maisha yake, na sigara aliacha tulipooana. Mwaka 2021 mimi nilikuwa nafanya kazi ya kutandika vyumba kwenye hoteli moja Unguja, upande wa mashariki. Mwezi wa Februari, wiki ile aliyofariki Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, niliomba ruhusa nikarudi nyumbani. Nilipanda boti nikiwa na mafua na kichwa kinaniuma, nikasema ni uchovu. Nilipofika Pemba ndipo nilipojua kuwa sisikii harufu. Samaki aliungua jikoni mimi nimesimama pale pale, mpaka mwanangu akaja mbio kuniuliza moshi ule wa nini.

Mimi nilipona haraka. Yeye alianza kukohoa siku ya tatu tangu nifike. Wiki ile alikuwa hapumziki, anapeleka watu mazikoni Mtambwe na kuwarudisha, gari imejaa mpaka mlangoni. Kikohozi kikageuka, pumzi zikawa fupi, tukampeleka spitali akalazwa na kuwekewa oksijeni. Kila siku alipigwa sindano. Daktari aliyemruhusu kutoka alisema vipimo vya ini vimepanda, arudi baada ya mwezi apimwe tena. Hakurudi. Alisema kama kifua kimepona, kwenye ini anatafuta nini.

Akarudi barabarani, tukasahau. Mwaka jana ndipo alipoanza kuchoka bila ya sababu. Mikono na mashavu vinakonda, lakini tumbo linatoka mbele. Baadaye miguu ikawa inavimba jioni, na macho yakapiga manjano. Tulikwenda spitali ya binafsi akapigwa ultrasaundi. Daktari akatwambia ini limesinyaa na tumboni mna maji. Alimuuliza mengi, kama amewahi kuongezewa damu, kama kuna ndugu yake aliyekufa kwa tumbo. Mwisho akasema apimwe homa ya ini aina B, na mimi na watoto tupimwe vile vile. Damu alitolewa siku ile ile, majibu akaambiwa ayafuate kesho yake. Nilipomuuliza, alisema hakwenda, hana haja, maradhi yale ni ya wahuni na yeye hana uhuni. Tangu hapo nikilitaja jambo hilo anainuka anakwenda zake barazani.

Tunaishi na mavyaa wangu. Yeye na mawifi zangu wana jibu lao. Wanasema mtoto wao alikuwa mzima wa afya, mimi nikaja na korona kutoka kwa wazungu, ikaingia kifuani, ikashuka kwenye ini. Wifi yangu mkubwa aliyasema hayo mbele ya watu kwenye khitma. Nami nikilala usiku najiambia huenda ni kweli, kwa sababu niliwahi kusikia redioni kuwa korona inashambulia ini.

Mavyaa anamchemshia dawa kila siku, shubiri pamoja na mizizi ya mganga wa shamba ambayo sisi hatuijui, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Tangu aanze naona macho yanazidi manjano, lakini nikisema nitaambiwa nataka afe. Na vidonge vya maumivu ya mgongo hununua mwenyewe dukani, anakunywa anavyojua.

Nimefikiria niende nikapimwe na watoto kimya kimya. Shoga yangu ananikataza. Anasema nikikutwa nayo, itakuwa mimi ndiye niliyeileta, kama walivyosema kwa korona. Na nikikutwa sina, nitaonekana nimekwenda kumchunguza mume wangu na kumvunjia heshima. Nikikaa kimya nawaogopea wanangu. Nifanyeje? Na je, ni kweli korona yangu ndiyo iliyomla ini?

Mama wa watatu,
Pemba

*

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Kwenye barua yako kuna mgonjwa mmoja na washitakiwa wawili, wewe na korona. Naanza na korona, kwa sababu naona ndiyo inayokukosesha usingizi kuliko hata suala la kupima. Mimi si daktari. Kabla ya kukujibu nilimpelekea daktari wa maradhi ya ndani maelezo yako, bila ya jina wala kijiji, na mengi ya tiba utakayoyasoma hapa nimeyapitisha kwake.

Ulilolisikia redioni si uongo. Tangu miezi ya mwanzo ya 2020 ilionekana kuwa wagonjwa wengi waliolazwa kwa korona vipimo vya ini vyao hupanda. Ripoti za wakati ule zilitofautiana, kuanzia wagonjwa 14 hadi 53 katika kila 100. Kinachopimwa ni vimeng'enya viwili, ALT na AST, ambavyo makao yao ni ndani ya chembe za mwili. Chembe ikiumia huvuja vikaonekana kwenye damu. AST haitoki kwenye ini peke yake, hata misuli huitoa, na mtu anayetetemeka kwa homa na kukohoa usiku kucha misuli yake nayo inaumia.

Sababu za kupanda huko ni kadhaa na aghalabu huja pamoja. Kirusi cha korona huingia kwenye chembe kwa kushika kipokezi kiitwacho ACE2, na katika ini vipokezi hivyo viko zaidi kwenye mirija ya nyongo, vichache kwenye chembe za ini zenyewe. Kwa hivyo kirusi chaweza kufika huko. Lakini kwa mgonjwa aliyelazwa, madaktari hutazama zaidi mambo mengine: mapafu yakishindwa, ini nalo linakosa oksijeni, kinga ya mwili ikichachamaa inaumiza viungo vyake yenyewe, na dawa anazopewa mgonjwa, pamoja na zile alizokunywa nyumbani kabla ya kufikishwa spitali, zote zinapita kwenye ini. Unakumbuka wakati ule tulivyokuwa, kila nyumba na sufuria yake ya kujifukiza na chupa yake ya dawa ya kuchemsha.

Sasa sikiliza upande wa pili, ambao huenda redio haikuufikia, au ulikuwa umeshaondoka kwenda kutazama chungu. Kwa walio wengi kupanda huko ni kidogo, na vipimo hushuka mtu anapopona. Wapo wachache sana, hasa waliolala muda mrefu wodi ya mahututi wakipumua kwa mashine, ambao mirija yao ya nyongo iliharibika na ini likaendelea kudhoofu hata baada ya korona kuondoka. Kwa hao taabu hujitokeza ndani ya wiki na miezi. Mume wako, kwa ulivyoeleza, alipewa oksijeni, akatoka, akarudi kwenye usukani miaka kadhaa.

Na ini kusinyaa ni makovu. Makovu hayo hujengeka polepole, mara nyingi kwa miaka 10, 20 au zaidi, na muda wote huo mtu anakula, anafanya kazi, hahisi kitu. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka mwaka jana, unafika kabla ya 2021. Pengine unafika hata kabla ya ndoa yenu. Ndiyo maana daktari niliyemuuliza alisimama kwenye kile kipimo cha kwanza, kile ambacho mume wako hakurudi kukirudia. Inawezekana hakikuonyesha kitu ambacho korona ilikuwa inakianzisha. Inawezekana kilionyesha kitu kilichokuwa kimeshakaa.

Sitakwambia kwamba korona haina lake kabisa. Ini ambalo tayari lina makovu hutikisika sana korona ikiingia, na wenye ini la namna hiyo waliumia zaidi kuliko wengine. Halafu kuna zile sindano za kila siku. Sijui zilikuwa za nini, lakini wagonjwa wengi waliokuwa kwenye oksijeni walipewa deksamethasoni, baada ya utafiti wa Uingereza uitwao RECOVERY kuonyesha mwezi Juni 2020 kwamba inapunguza vifo kwa wagonjwa wa aina yake. Dawa hiyo inatuliza kinga ya mwili, na kinga ikitulia, kirusi cha homa ya ini B kilicholala chaweza kuamka. Kwa dozi fupi ya siku zisizozidi 10, kama ilivyotumika kwa korona, hatari hiyo ni ndogo, na inawezekana sindano hizo ndizo zilizomrudisha nyumbani. Nimelitaja ili karatasi za kulazwa kwake, kama bado zipo kabatini, zimfikie daktari wa sasa.

Naja kwenye neno "yangu". Unasema korona yangu, na mawifi zako wanasema korona yako. Umejuaje? Kwa kirusi cha wakati ule, tangu mtu kuambukizwa hadi kuumwa zilipita siku tano kwa wastani, wengine mbili, wengine hadi 14. Mumeo alianza kukohoa siku ya tatu. Yawezekana aliipata kwako. Na wewe mwenyewe umeandika, kwa mkono wako, kwamba wiki ile alikuwa anabeba watu wa mazikoni gari imejaa mpaka mlangoni, madirisha sijui yalikuwa wazi au la. Maalim Seif alizikwa Mtambwe tarehe 18 Februari, na mwishoni mwa Januari chama chake kilikuwa kimeshatangaza kuwa ana korona. Maana yake kirusi kilikuwa visiwani kabla hujapanda boti. Wakati ule takwimu za taifa zilikuwa zimekoma kutolewa tangu Mei 2020, kwa hivyo hakuna daftari la kutazama nani alimpa nani. Sitaki uwahamishie kosa waliokwenda kuzika. Nakuonyesha tu kwamba ushahidi unaojihukumu nao usiku haupo, si kwako, si kwa wifi yako.

Halafu, mwanangu, niruhusu nikuulize jambo ambalo huenda hukulifikiria. Kwa nini jibu la korona limependwa hivyo nyumbani kwenu? Wifi yako aliposema yale kwenye khitma alikuumiza, na alikosea adabu. Lakini korona ni jibu lisilo na aibu. Ilimpata kila mtu, tajiri kwa maskini, na ilishapita. Homa ya ini B haijapita, na mumeo ameshaipa jina lake, maradhi ya wahuni. Nadhani wote humo ndani wanaikimbia hiyo, kila mmoja kwa njia yake, na wewe ndiye uliyekuwa karibu kubebeshwa.

Tuiseme basi ilivyo. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wanaishi na homa ya ini B. Inapita kwa damu, kwa kujamiiana, na kwa mama kumpa mtoto wakati wa kuzaliwa. Watoto wadogo huambukizana pia ndani ya nyumba, kwa vidonda na mikwaruzo. Haipiti kwa sahani moja, wala kwa kikombe, wala kwa kupeana mkono au kulala chumba kimoja. Na hapa ndipo ningependa mumeo apasikie: mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili huifukuza wenyewe, na wanaobaki nayo ni chini ya 5 katika 100. Mtoto mchanga akiambukizwa, karibu 90 katika 100 hubaki nayo. Kwa hivyo mwanamme wa miaka 47 aliye na ini lililosinyaa kwa homa ya ini B, kama ndiyo, uwezekano mkubwa ni kuwa aliipata kabla hajajua kusema. Tanzania iliiingiza chanjo yake kwenye chanjo za watoto mwaka 2002. Yeye alikuwa ameshakuwa kijana mkubwa. Uhuni hapo uko wapi?

Lakini tahadhari na hoja hiyo. Ukiitoa nyumbani kwa hasira, lawama itakutoka wewe ikamwangukia mavyaa wako, kwamba yeye ndiye aliyemzaa nayo. Bibi huyo hakuwa na kipimo wala chanjo enzi zile, na huenda hata si yeye. Ukimlipa hivyo hutapata nafuu unayoitafuta, na utakuwa umempoteza mtu mmoja ambaye mumeo bado anamsikiliza.

Na huenda si homa ya ini B hata kidogo. Iko aina C, iko sukari na mafuta kwenye ini, yapo maradhi mengine ya nadra. (Wapo watakaokwambia ni kichocho. Kichocho cha Pemba na Unguja ni kile cha mkojo, hicho si cha kumsinyaza mtu ini.) Mpaka jibu la damu lisomwe, sote tunabahatisha, mimi pamoja na wifi yako.

Jibu hilo umesema hakulifuata. Una hakika? Nauliza kwa upole. Mtu ambaye hajui kitu mara nyingi hubisha, huuliza, hucheka. Yeye anainuka anatoka. Huenda alikwenda kesho yake kama alivyoambiwa, akalisikia peke yake, na tangu siku hiyo anatembea nalo. Kama ni hivyo, ukimkaribia kwa maneno ya "nenda kapime" utakuwa unagonga mlango ambao yeye yuko nyuma yake tayari. Maneno mengine yanaweza kumfikia zaidi. Labda: "Daktari alisema na mimi nipimwe. Ninaogopa kwenda peke yangu. Nisindikize." Hapo humtuhumu kwa lolote. Unamwomba afanye kazi ya mume, nayo anaijua.

Lakini anaweza kukataa. Tukitazama njia ya kwenda kimya kimya, naona nguvu yake na naona khatari yake. Nguvu ni kuwa afya yako na ya watoto haingoji mtu mwingine apate ujasiri. Kipimo chenyewe ni tone la damu, na ukikutwa huna wala huna kinga, kuna chanjo ya sindano tatu ndani ya miezi sita. Ukikutwa nayo, wengi hawahitaji dawa mara moja, bali kufuatiliwa. Khatari ameisema shoga yako, na hakukosea: anayepima wa kwanza ndiye anayetuhumiwa wa kwanza. Nimeyaona hayo kwa ukimwi miaka mingi, wanawake wanapimwa kliniki ya wajawazito, wanarudi na khabari, wanaambiwa wao ndio walioileta. Na kisiwa ni kidogo. Anayekutoa damu anaweza kuwa binamu wa wifi yako. Ukichagua njia hii, fikiria mapema ni kituo gani utakwenda, nani atakayejua, na utasema nini siku mumeo akiikuta karatasi. Siri nayo ina siku yake ya kufichuka, na hapo mazungumzo yatakuwa ya kwa nini ulificha, ini litasahauliwa.

Ipo njia ya katikati, ambayo si siri wala si vita. Unamwambia tu: "Kesho nawapeleka watoto kupimwa kama daktari alivyosema, na mimi nitapima." Humwombi ruhusa ya kujua afya yako, na hakuti amefichwa. Anaweza kukasirika. Wewe ndiye unayejua hasira zake zinaishia wapi. Kama kuna hata chembe ya khofu kuwa atakuinulia mkono, au mawifi watakutoa nyumbani, basi usiitumie njia hii kwa sababu mimi nimeiandika gazetini. Na ipo ya kumtumia mtu. Je, ana kaka, au imamu wa msikiti wake, au dereva mwenzake anayemheshimu? Wanamme wengi wa kwetu hawamsikii mke wala daktari, lakini mwenzao akimwambia barazani "twende, nitakaa nje nikungoje", wanakwenda. Ila ukimtumia mtu, umeshamwambia mtu. Chagua ambaye midomo yake unaijua.

Kwa watoto sina wasiwasi mkubwa kama ulio nao wewe, kwa sababu wote, kwa umri wa ndoa yenu ninaoukisia, wamezaliwa baada ya chanjo kuanza. Ile sindano wanayopigwa kliniki wakiwa na wiki 6, 10 na 14 ndani yake mna kinga ya homa ya ini B. Kipimo bado kina maana, hasa kama kuna aliyekosa sindano.

Sasa kikombe cha mavyaa. Hapa nitakuwa mzito kidogo, kwa sababu unachokiona kwa macho yako, manjano kuzidi, kinafaa kuchukuliwa kwa uzito. Si kila dawa ya miti ni mbaya, na mimi mwenyewe nimelelewa nazo. Lakini shubiri ya kunywa imewahi kuripotiwa kuumiza ini kwa baadhi ya watu, na mizizi isiyojulikana hakuna anayeweza kukuhakikishia. Ini zima huenda likastahimili. La mumeo halina akiba. Ukisimama ukamwaga kikombe, utakuwa adui. Pengine ingefaa zaidi mavyaa mwenyewe aje kwa daktari, na mizizi yake mkononi, aulize yeye. Yeye anamuuguza mwanawe kwa anachokijua, na akipewa kazi nyingine ya kumfanyia anaweza kuishika. Kazi zipo. Mwenye maji tumboni hupunguziwa chumvi sana, na nyumba ya Pemba bila ng'onda wala papa mkavu inahitaji mpishi mwenye akili. Anahitaji kula vizuri, mayai, maharage, samaki mbichi wa kupikwa bila ya chumvi nyingi, na kitu kidogo kabla ya kulala. Mavyaa wako anaweza kuwa bingwa wa hilo.

Vidonge vya mgongo navyo visisahauliwe. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kumharibia figo na kumtokesha damu tumboni mtu wa hali yake. Hata parasitamoli, ambayo mtu mzima wa kawaida hunywa hadi gramu 4 kwa siku, kwake madaktari hushusha hadi gramu 2, yaani vidonge vinne vya miligramu 500 kwa siku nzima. Akauliziwe daktari kabla ya kuendelea.

Na ikiwa ni homa ya ini B kweli, nataka ujue, na siku moja yeye ajue, kuwa hapo ndipo penye tumaini zaidi kuliko kwenye hadithi ya korona. Ini lililoharibiwa na korona iliyopita halina dawa ya kulifukuzia korona. Homa ya ini B ina kidonge, tenofoviri, kimoja kwa siku, mara nyingi cha maisha. Hakiondoi kirusi chote, lakini hukizuia, na kuna wagonjwa ambao makovu yao yalipungua kwa miaka na tumbo likakauka. Kuna jambo moja la kumtayarisha nalo: tenofoviri iko pia kwenye dawa za ukimwi, na watu wakiliona kopo watasema yao. Wengine wameacha dawa kwa ajili ya macho ya jirani tu. Kwa hali yake pia atahitaji ultrasaundi kila miezi sita, kwa sababu ini lenye makovu linaweza kuota saratani, na ikionekana ndogo kuna la kufanya. Daktari akitaka kumpeleka spitali kubwa, Mnazi Mmoja ya Unguja au Muhimbili ya Dar es Salaam, si kwamba amekata tamaa naye.

Yapo mambo manne ambayo yakitokea hakuna tena kushauriana na mtu, si mavyaa, si mimi: akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, akianza kuchanganyikiwa au kusinzia mchana kupita kawaida yake, au tumbo likimuuma na homa juu. Hapo ni gari, iwe yake iwe ya jirani, moja kwa moja spitali.

Wewe mwenyewe umeandika barua ndefu, na humo hakuna hata mstari mmoja unaosema wewe unajisikiaje kimwili. Unakula? Mwili unakuuma? Ulipokuwa mgonjwa ile Februari ulipata wa kukuuguza? Ningependa kujua, ukiandika tena.

Kwa sasa, kabla ya kuamua njia ipi, lipo jambo dogo unaloweza kulifanya bila ya ruhusa ya mtu. Kadi za kliniki za watoto bila shaka umezihifadhi. Zitoe, utazame sindano za wiki 6, 10 na 14 kama zimetiwa alama zote tatu kwa kila mmoja. Ukiona pengo, una sababu ya kwenda kliniki ambayo hata wifi yako hawezi kuitilia shaka, na ukiwa pale unaweza kuuliza na mengine.